Jiwe la Nyoka Lililopanda Pikipiki

Mkiniona nimekaa kwenye kijiwe chenu hapa Mikumi, msidhani nimekuja kugombania abiria. Mgongo ulishanikataza pikipiki. Nina miaka arobaini na kitu, umri ambao wenzangu wengine ndiyo kwanza wananunua ya kwao, lakini mashimo ya barabara ya Kilosa yalinila uti wa mgongo kidogo kidogo mpaka daktari akaniambia nichague: kuendesha au kutembea. Nikachagua kutembea. Ila nyumbani Mabwerebwere siwezi kumaliza wiki bila kusikia injini ikiwaka, kwa hiyo nazunguka. Leo nipo Mikumi, kesho Munisagara, nakunywa chai, nawasikiliza mnavyobishana, narudi.

Juzi mlikuwa mnabishana habari za nyoka. Mmoja wenu alisema mtu aliyeumwa akimbizwe kwa mwendo wa mwisho ili upepo umpoze sumu. Mwingine akasema apewe pombe kali kwanza. Wa tatu, yule wa jaketi la njano, akasema yeye hapakii kabisa, maana mtu akifia nyuma ya pikipiki ni mkosi. Nilicheka nikanyamaza, lakini njia nzima nilikuwa nawajibu kichwani. Haya ndiyo majibu.

Kwa miaka mingi, upande wa Kilosa, mtu akiumwa na nyoka niliitwa mimi. Sikuwa mganga wala daktari. Nilimaliza kidato cha nne nikaingia kijiweni kama ninyi. Ugonjwa wangu ulikuwa mmoja tu, kuuliza. Kila mgonjwa niliyempeleka hospitali, badala ya kugeuza pikipiki nirudi kutafuta abiria, nilibaki mlangoni nauliza: mmemfanyia nini, kwa nini, na ingekuwa hivi je? Aliyeumia zaidi na maswali yangu ni Nesi Teopista, mama mmoja wa makamo, mwenye sauti ya kuamsha wodi nzima.

Siku ya kwanza tulipokutana nilikuwa nimempakia mkulima wa mpunga aliyeumwa mguuni na kifutu, na kwenye usukani nimening'iniza kiroba. Ndani ya kiroba yumo nyoka mwenyewe. Tuliamini daktari hawezi kutoa dawa bila kumwona nyoka, kwa hiyo ndugu zake walikuwa wamempiga marungu, wakamsokomeza humo, wakanikabidhi. Tulipokaribia mjini, kiroba kikaanza kuhema. Nikanyoosha mkono wa kushoto mbali na mwili, naendesha kwa mmoja. Mgonjwa nyuma yangu akasahau mguu wake kabisa, kazi yake ikawa kunielekeza: sogeza mbali, sogeza mbali zaidi, anapanda. Tukafika hospitalini tunatoka jasho wote wawili.

Nesi Teopista alitoka, akamtazama mgonjwa, akakitazama kiroba. Akasema, "Mimi natibu watu. Huyo mwingine anaumwa nini?"

Pale ndipo nilipojifunza somo la kwanza. Hospitalini hawasubiri nyoka, wanasoma alama kwenye mwili wa mtu. Kifutu, yule mnene mvivu anayelala njiani bila kujisumbua kukukimbia, sumu yake inaharibu nyama na damu: mahali panavimba, panauma sana, panatoka malengelenge, na wengine fizi zinavuja damu. Koboko ni habari nyingine. Jeraha lake linaweza lisivimbe hata kidogo, lakini kope zinaanguka, ulimi unakuwa mzito, mate hayamezeki, halafu pumzi inakata. Kwa hiyo usimfukuze nyoka. Mtu wa pili ataumwa, na hata kichwa kilichokatwa kinaweza kuuma bado. Kama umemwona, kumbuka rangi na umbo. Kama simu yako inapiga picha kutoka mbali, piga. Kama haipigi, achana naye, ana safari zake.

Somo la pili linawahusu ninyi moja kwa moja, kwa sababu kila mmoja wenu ana mpira wa kufungia mizigo. Mtu akiumwa, mkono unaenda wenyewe kwenye mpira. Tunamfunga juu ya jeraha, tunakaza kama tunafunga gunia la mkaa. Nilimpeleka kijana mmoja wa Mabwerebwere aliyefungwa hivyo, mguu umekuwa wa bluu. Nikauliza, si tumeizuia sumu isipande? Teopista akaniuliza na yeye: damu je, nayo mmeizuia isishuke? Sumu ya kifutu ukiifungia sehemu moja, inaila sehemu hiyo hiyo. Akaniambia pia kwamba nikimkuta mtu tayari amekazwa muda mrefu, nisifungue kwa pupa barabarani. Nimuwahishe, wafungue wao, dawa zikiwa karibu, maana kilichozuiliwa kinaweza kushuka kwa mkupuo. Kuchanja, kunyonya, kunywesha pombe kali, kumwagia petroli, kumpigisha shoti ya betri ya pikipiki, vyote hivyo nimevikuta na sikuona kimoja kilichomsaidia mtu.

Hapa Mikumi penyewe niliwahi kumkuta utingo wa lori amepiga magoti kando ya barabara, amefunika macho. Alikuwa amelala chini ya lori anakagua tairi, swila akamtemea sumu machoni. Watu wamemzunguka, kila mmoja na dawa yake. Mmoja ana vitunguu, mwingine amefungua soda tayari, na mzee mmoja alikuwa ameanza kufungua zipu akidai mkojo ndiyo wenyewe. Utingo, pamoja na maumivu yote, akasema hilo hapana, heri apofuke. Tulichukua maji ya chupa kwa wauzaji, tukamlaza ubavu, tukamfungua macho na kumwagia polepole, chupa baada ya chupa, huku tunamkataza asifikiche. Kisha hospitali, hata kama anaona. Maji safi, mengi, basi. Nilikaa siku kadhaa nikijiuliza swila alijuaje kulenga macho na siyo mdomo. Teopista alisema hajui, na kwamba siku nikijua nimwambie.

Sasa niwaeleze habari ya Kabula, maana hiyo ndiyo nilikuwa nayo kichwani nilipowaacha juzi.

Wengi wenu mnalijua jiwe la nyoka, na wengine lipo nyumbani kwenu. Siyo jiwe, ni kipande cha mfupa wa ng'ombe uliochomwa ukawa mweusi. Unaliweka juu ya jeraha lenye damu, linanasa. Watu wanasema linanyonya sumu, na likishiba linadondoka lenyewe, ndipo linatiwa kwenye maziwa litapike. Kule Munisagara lilikuwepo moja tu linaloaminika, la Mzee Athumani, mkulima wa mahindi ambaye baba yake na babu yake wamezaliwa na kuzikwa pale pale. Alilirithi kwa baba yake, pamoja na masharti yake. Jiwe likishanasa, mgonjwa asiondolewe alipo mpaka lidondoke.

Kabula na mumewe Masanja walikuja kutoka kanda ya ziwa na ng'ombe wao, wakaanza kulima pale Munisagara. Mzee Athumani ndiye aliyewaonyesha pa kulima mwaka wa kwanza, wakati wenyeji wengine wanawatazama kwa jicho la pembeni. Kabula alikuwa fundi cherehani. Sare za shule za nusu ya watoto wa pale zilipita mikononi mwake, na ng'ombe walipokufa kwa ugonjwa mwaka mmoja, cherehani ndiyo iliyowalisha.

Ilikuwa mchana, msimu wa kuvuna ufuta. Kabula aliingiza mkono chini ya mganda uliokuwa umelazwa tangu jana yake, kifutu akamkamata mkono wa kulia, kwenye nyama ya chini ya kidole gumba. Masanja alinipigia simu, nikaenda. Nilipofika nilikuta watu wamekaa kimya kama msibani. Kabula yuko kwenye mkeka, mkono juu ya mto, jiwe limenasa kama kupe. Mzee Athumani yuko pembeni yake, hapepesi macho.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Zima hiyo pikipiki, utalisumbua jiwe."

Nikazima. Nikachuchumaa nikautazama mkono. Uvimbe ulikuwa umeshavuka kifundo cha mkono, na kidoleni kuna pete, na mkononi bangili za shaba. Hilo nililijua: pete na bangili hutolewa mapema kabla mkono haujazimeza. Nikaomba ruhusa, Masanja akaleta samli, tukapaka, bangili zikateleza zikatoka. Pete ilitaka ubishi lakini nayo ikatoka. Mzee Athumani alikubali yote hayo mradi jiwe lisiguswe.

Nilipotaja hospitali, macho yote yakamgeukia Mzee Athumani. Nikamvuta Masanja pembeni. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba tangu jiwe liliponasa amekuwa akitamani kusema, lakini atasemaje? Yeye ni mgeni. Mzee ameacha shamba lake, amekuja mbio na kitu cha baba yake, hakuomba hata kuku. Umnyanyue mkeo ghafla, ni sawa na kumwambia mzee amekuja na takataka. Na ukishakosana na Mzee Athumani, pale Munisagara utaishi na nani?

Aliyesema ni Kabula mwenyewe, akiwa amekaa pale pale.

"Baba Athumani, mimi jiwe sijalikataa. Lakini vidole sivisikii. Vikifa hivi, nitashona kwa nini?"

Mzee alilitazama jiwe, kama vile analisubiri lijibu lenyewe.

Mimi sikuwa na hoja yoyote ya kumshinda. Nilichokuwa nacho ni swali, na kweli nilitaka kujua. Nikamuuliza, "Mzee, masharti yanasema mgonjwa asisogee, au jiwe lisitolewe?"

Akafikiri. "Jiwe lisitolewe. Asisogee ni ili lisidondoke kabla ya wakati."

"Sasa likibaki mkononi, na mkono ukae juu ya pikipiki bila kutikiswa?"

Akaigeukia pikipiki yangu. "Baba yangu hakuwahi kuwa na pikipiki," akasema.

"Kwa hiyo hakukataza."

"Hakukataza. Na likidondoka njiani?"

"Utalidaka wewe. Nani mwingine anayelijua?"

Akanyanyuka kutafuta kanzu yake.

Tulimfunga Kabula mkono kwa rula yake ya mbao ya kupimia vitambaa, tukauzungushia kanga bila kukaza, ili usichezecheze. Hilo ndilo la kukumbuka: kiungo kilichoumwa kitulie kama kilichovunjika, na mtu mwenyewe asitembee hata hatua anayoweza kubebwa. Nikampigia Nesi Teopista ajue tunakuja na nini. Kisha tukapanda mshikaki, mimi mbele, Kabula katikati, Mzee Athumani nyuma amemshikilia kwa mkono mmoja, na mwingine ameukinga chini ya jiwe kama anayesubiri tone. Kifuani, ndani ya kanzu, alikuwa na chupa ya soda yenye maziwa. Masanja alifuata na baiskeli.

Niliendesha polepole. Tulipovuka reli, mzee alinitaka nishuke nisukume, nikashuka nikasukuma. Kwenye kila shimo alisema "taratibu, taratibu," na mimi nilikuwa najua kwamba hata Teopista angesema hivyo hivyo, ingawa siyo kwa ajili ya jiwe. Mgonjwa wa nyoka hukimbii naye kama unayefukuzwa. Ukianguka umeongeza majeraha, na ukimtia hofu moyo wake unaenda mbio.

Katikati ya njia Kabula akasema anataka kutapika. Tukasimama, tukamlaza ubavu wa kushoto kwenye majani ili asipaliwe. Alipomaliza akajifuta mdomo kwa kanga, na kanga ikabaki na damu. Siyo ya matapishi. Mzee Athumani alimwomba afungue kinywa. Fizi zilikuwa zinavuja damu kidogo kidogo, kama za mtu aliyekula miwa vibaya.

Mzee aliniangalia. Sijasahau alivyoniangalia. Miaka yote alikuwa anakaa na wagonjwa wake mahali pamoja, na jiwe linapodondoka wengine wanapona na wengine hawaponi, na sidhani kama aliwahi kumtazama mtu kinywani.

Tulipopanda tena akasema, "Ongeza mwendo."

"Na jiwe?"

"Lisikushughulishe. Ongeza."

Niliongeza kiasi ambacho barabara iliruhusu. Nyuma yangu nilisikia amebadilisha mshiko. Mikono yote miwili sasa ilikuwa imemzunguka Kabula.

Hospitalini Nesi Teopista alikuwa anatusubiri na kiti cha magurudumu. Nilidhani angelicheka lile jiwe, au angelibandua tu. Alimwamkia mzee kwanza, akamwambia, "Baba, naomba unitolee jiwe lako, nipate pa kufanyia kazi." Mzee akalitoa mwenyewe. Lilikuwa limeshalegea kwenye majimaji ya jeraha. Akalitumbukiza kwenye chupa, akaifunga.

Kisha wakachukua damu kidogo, wakaiweka kwenye chupa ndogo ya kioo, wakaiacha imetulia. Nilishaona kipimo hiki, lakini mzee hakuwahi. Baada ya dakika ishirini damu ya mtu mwenye afya inakuwa imeganda kama uji uliopoa. Teopista akaiinamisha chupa. Damu ya Kabula ikamwagika upande kama maji ya kunywa. Hapo daktari akaagiza dawa ya kuzuia sumu, ikapita kwenye dripu, na muuguzi mmoja akakaa karibu naye, sindano nyingine mkononi, kwa sababu dawa yenyewe inaweza kukataliwa na mwili. Ndiyo maana, vijana wangu, hii siyo dawa ya kubeba kwenye begi la pikipiki. Kazi yenu ni kufikisha mtu akiwa hai, na mkono wake bila kufungwa mpira.

Teopista alichora mstari kwa kalamu pale uvimbe ulipoishia, akaandika na saa. Akasema uvimbe ukivuka mstari tumwite. Mzee Athumani alivuta kiti. Kazi ya kulilinda jiwe ilikuwa imekwisha, na akahamia kwenye mstari. Masanja alipofika anahema, amejaa vumbi, alikuta mzee ameinama juu ya mkono wa mkewe. Hakuambiwa pole. Aliambiwa asizibe mwanga.

Ulivuka, wakachora mwingine. Jioni mstari wa pili ulikuwa bado haujavukwa. Damu iliyochukuliwa baadaye iliganda, na mzee aliomba aishike ile chupa mwenyewe, akaiinamisha huku na huku, damu haikusogea, akatabasamu kama mtu aliyeonyeshwa redio kwa mara ya kwanza.

Kabla hatujaondoka nikauliza swali langu. Kwa nini linanasa? Teopista akasema mfupa uliochomwa umekauka na umejaa vitundu, unashika chochote chenye majimaji. Mzee akalitoa jiwe kwenye maziwa, akalifuta, akaliacha likauke dirishani. Halafu akaniambia nilambe mdomo. Akalibandika kwenye mdomo wangu wa chini. Likanasa. Nikabaki nimesimama katikati ya wodi na jiwe mdomoni, Masanja anacheka kwa mara ya kwanza siku ile.

"Na huyu hana sumu," Mzee Athumani akasema.

"Labda ya maneno yake tu," Teopista akasema.

Nikauliza, kwa tabu, mbona basi watu wengi waliponea kwenye jiwe? Teopista akanijibu kwamba si kila nyoka anayeuma anaachia sumu, na si kila nyoka ana sumu. Wengi wangepona hata wangebandikwa kipande cha muhogo. Tatizo ni wale wengine, na hakuna anayeweza kuwatambua kwa macho dakika za mwanzo. Mzee alisikiliza yote. Alilibandua jiwe mdomoni mwangu na kipande cha ngozi juu yake, akalirudisha mfukoni.

Kabula alikaa hospitalini muda mrefu. Ngozi ya mkono ilitoka malengelenge ikachubuka, akasafishwa kila siku, na kulikuwa na wiki moja ambayo madaktari walisimama mbele ya kile kidole gumba wakinong'ona. Hakikukatwa. Hakikunjiki hadi mwisho, lakini kinashika. Alirudi Munisagara, na Masanja aliniambia kwamba kwa siku nyingi alikuwa anakaa mbele ya cherehani bila kushona, anatia uzi kwenye tundu la sindano, anautoa, anautia tena.

Kitu cha kwanza alichoshona kilikuwa kifuko kidogo cha kitambaa cha sare, chenye kamba ya kuvaa shingoni. Alimpelekea Mzee Athumani, akamwambia ni cha jiwe, kwa ajili ya safari.

Miezi michache baadaye nilipigiwa simu tena kutoka upande ule, mtu ameumwa shambani kwao. Nilipofika, mgonjwa alikuwa bado anafungwa mguu kwenye ubao, ndugu zake wanabishana wampakie vipi. Mzee Athumani alikuwa ameshafika kabla yangu. Sikuwa hata nimeiegesha pikipiki vizuri akapanda nyuma kabisa, kifuko shingoni, akajisogeza kuacha nafasi ya mtu katikati.

"Mleteni," akawaambia. "Mnangoja nini?"